Taa za Ukungu: Lini Ziwashwe, Lini Zizimwe

Mwanga ni neema, lakini neema isiyotumiwa mahali pake hugeuka kuwa adha. Chumvi hukoleza mchuzi, na chumvi nyingi huuharibu. Mvua huotesha mahindi, na mvua isiyo kiasi huyaozesha shambani. Hali kadhalika taa za motokaa. Zipo taa zilizofanywa makusudi kwa ajili ya ukungu, na taa hizo zina wakati wake wa kuwashwa na wakati wake wa kuzimwa. Katika barabara zetu nyakati hizo mbili zimevurugwa. Mwenye kupaswa kuziwasha huziacha, na mwenye kupaswa kuzizima huzipamba kama shada la maua mbele ya gari lake. Mimi nashikilia kanuni moja, nayo ni fupi: dereva asiyeweza kuona umbali wa mita 100 mbele yake, na aziwashe, ukungu ukiondoka, na azizime mara moja. Kanuni hiyo ina maadui wengi, na insha hii imeandikwa ili kuwajibu.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Kenya ni nchi moja yenye hali nyingi za hewa. Kwa mtu wa Lamu au wa Garissa ukungu mzito ni habari ya kusimuliwa, lakini kwa mtu wa Limuru ni jirani abishaye hodi kila asubuhi katika miezi ya baridi, tangu Juni hata Agosti. Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru hupanda hadi Limuru, hupita Kimende na Kinale, na hufuata ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya kuteremka Kinungi na Naivasha. Mbele zaidi, karibu na mstari wa Ikweta, iko Timboroa, ambako nchi imeinuka zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Hewa yenye unyevu ikipanda miinuko hiyo hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka kuwa matone madogo mno. Kwa hiyo wingu ambalo mtu aliye bondeni huliona juu ya kichwa chake, mtu wa Kinale yumo ndani yake. Wataalamu wa hali ya hewa huliita wingu hilo la chini ukungu iwapo mtu hawezi kuona umbali wa mita 1,000. Lakini msafiri wa barabara hiyo anajua kwamba siku nyingine hata mita 50 ni nyingi. Mti ulio kando ya njia huonekana ghafula, kama kwamba umeota dakika ile.

Ni nani wapitao katika wingu hilo? Malori makubwa yaendayo Uganda na nchi za mbele, mabasi ya abiria, matatu, na motokaa za watu binafsi. Lakini si hao tu. Wamo wenye mikokoteni ya punda waliochukua maji na majani ya ng'ombe. Wamo wauzaji wa viazi na kabichi, na waendeshaji wa bodaboda. Tena wamo watoto wa shule, waliovaa masweta ya rangi nzito, wakifuata ukingo wa lami kabla jua halijapata nguvu. Mtoto huyo hana taa ya mbele wala ya nyuma. Uhai wake umo katika macho ya dereva, na macho ya dereva yamo katika taa zake na katika mwendo wake. Jambo hili, basi, si la mafundi wa magari peke yao. Lawahusu ninyi msomao ukurasa huu.

Adui wa kwanza wa kanuni yetu ni dhana kwamba taa kali zaidi huona mbali zaidi. Dhana hiyo ni kweli usiku ulio safi, na ni uongo mtupu katika ukungu. Ukungu ni matone ya maji yasiyohesabika, kila tone likiwa dogo kuliko unene wa unywele. Mwanga ukiyapiga hutawanyika pande zote, na sehemu yake humrudia aliyeutuma. Dereva anapoinua taa zake kubwa ili zimulike mbali hujijengea ukuta mweupe mbele ya uso wake, na kadiri anavyozidisha mwanga ndivyo anavyozidisha ukuta. Anayeshuku na ajaribu mwenyewe. Sufuria ya maji ichemke jikoni usiku, taa izimwe, kisha ashike tochi karibu na jicho lake na aumulike mvuke: ataona mvuke tu. Halafu aishushe tochi hadi usawa wa kiuno aimulike sakafu. Ataiona sakafu, na weupe ule utapungua. Jaribio hilo halihitaji maabara, nalo laeleza sababu yote ya taa za ukungu kuwekwa pale zilipowekwa.

Taa za mbele za ukungu huwekwa chini, karibu na bampa, mbali na usawa wa macho ya dereva. Mwanga wake hukatwa juu usipande, hutandazwa kwa upana, na huangukia lami iliyo karibu. Haziupasui ukungu, maana hakuna taa ipasuayo ukungu. Kazi yake ni kumwonyesha dereva ukingo wa barabara na mstari uliochorwa katikati, ili aendapo polepole asiiache njia yake. Taa ya nyuma ya ukungu ni tofauti. Hiyo ni nyekundu, na ukali wake wakaribia ukali wa taa za breki, kupita mbali taa nyekundu za kawaida. Kazi yake ni kumwambia ajaye nyuma, “Hapa pana gari,” kabla hajalifikia. Moja ni ya kuona, nyingine ni ya kuonekana. Anayejua tofauti hiyo amekwisha kujua nusu ya somo.

Sasa tuwatazame wale wawashao taa hizo siku zote. Utawaona usiku wa mbalamwezi katika barabara kavu, taa zote nne zawaka mbele, na nyuma nyekundu kali yachoma macho. Ukiwauliza watakuambia kwamba gari linapendeza. Wengine wameongeza safu ya taa nyeupe juu ya bampa, zenye nguvu kama za uwanja wa mpira, na wakizitumia huona fahari. Fahari hiyo hulipwa na mwingine. Ajaye kutoka mbele hutiwa kiwi cha macho, na kwa sekunde kadhaa huendesha kama kipofu. Ajaye nyuma huitazama taa nyekundu kali isiyozimika, hata breki zinapowaka hawezi kuitambua tofauti upesi. Taa iliyowekwa ili imwonye mtu sasa yamficha onyo lililo kubwa zaidi. Ndiyo maana sheria za Uingereza zakataza kutumia taa za ukungu isipokuwa macho yamezuiliwa sana, yaani kwa kawaida pale mtu asipoweza kuona zaidi ya mita 100, na zaamuru zizimwe hali ikiwa nzuri. Ujerumani ni wakali zaidi: taa ya nyuma ya ukungu haiwashwi mpaka ukungu uwe umepunguza upeo wa macho chini ya mita 50, na hapo dereva haruhusiwi kupita kilomita 50 kwa saa. Ufaransa haikubali taa hiyo ya nyuma itumiwe kwa ajili ya mvua. Ni ya ukungu na theluji. Mataifa hayo hayakukaa kutunga sheria juu ya swichi moja ndogo kwa kukosa kazi. Yalijifunza kwa hasara.

Kinyume cha hao ni wale wasiowasha kitu chochote. Hoja yao ni kwamba kumekucha, na mwanga wa mchana watosha. Huyu amesahau kwamba taa hazikufanywa kwa ajili ya macho yake peke yake. Huenda yeye aona mita 80 mbele na kuridhika, lakini gari lake la kijivu katika ukungu wa kijivu halionekani na mwingine hata kwa mita 40. Taa kubwa zilizoinamishwa, pamoja na taa nyekundu za nyuma ziwakazo nazo, ni salamu kwa wenzake. Kuna tahadhari nyingine kwa wenye magari mapya. Mengi yana taa ndogo ziwakazo zenyewe mchana, lakini huwaka mbele tu, na nyuma hubaki giza. Mengine huwasha taa kubwa yenyewe kukiingia giza, lakini chombo kile hupima mwanga, hakipimi ukungu. Ukungu mweupe wa saa tatu asubuhi hukidanganya kwa urahisi. Mkono wa dereva hauna budi kufanya kazi ambayo mashine haikufundishwa.

Wapo tena waliobuni desturi ya tatu, nayo imeenea mno nchini. Ukungu ukianza tu, huwasha taa zote za kupindia zikamweka pamoja kushoto na kulia, nao huendelea na safari kana kwamba wamelipa kodi ya usalama. Taa hizo ni za gari lililosimama mahali pa hatari. Gari linalokwenda likiziwasha husema uongo, maana ajaye nyuma hudhani kwamba limesimama. Hufunga breki ghafula, na wa tatu humgonga yeye. Zaidi ya hayo, mwenye kuziwasha hana tena njia ya kueleza kwamba anataka kupinda, kwa kuwa taa za kupindia amekwisha kuzitumia. Siku litakapotokea gari lililoharibika kweli katikati ya njia, nani atalitofautisha na mengine? Mchungaji aliyepiga kelele za chui kila siku, siku chui alipokuja hakusaidiwa na mtu.

Pia kuna imani ya kale kwamba taa ya manjano huupenya ukungu kuliko nyeupe. Ufaransa iliagiza taa kubwa za manjano tangu miaka ya 1930, na desturi hiyo ilikoma mwaka 1993. Manjano huenda ikapunguza ukali machoni, lakini matone ya ukungu ni makubwa mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, hata huitawanya rangi moja karibu sawa na nyingine. Kinachosaidia ni mahali taa ilipowekwa na jinsi mwanga wake ulivyokatwa. Kijana asitumie fedha zake kununua rangi akidhani amenunua usalama.

Nafika sasa kwenye kiini cha mambo, maana taa bora kuliko zote haiwezi kumwokoa mwenda mbio. Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tuseme dereva aona kizuizi, na sekunde moja na nusu zapita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Amekwisha kwenda mita 33. Breki nzuri katika lami kavu zataka mita nyingine 35 hivi mpaka gari lisimame. Jumla ni karibu mita 68. Ikiwa ukungu wamruhusu kuona mita 50 tu, basi amekigonga kizuizi bado ana mwendo mkubwa, hata akiwa dereva hodari, hata taa zake zikiwa mpya. Lami ikiwa na maji, na katika ukungu huwa nayo mara nyingi, jumla hupita mita 80. Lakini kwa mwendo wa kilomita 50, katika lami ile ile yenye maji, husimama kwa mita 40 hivi, na mtoto wa shule huvuka salama. Tofauti ya kilomita 30 kwa saa ndiyo tofauti ya kuishi na kufa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Tangu kanuni za mwaka 2003, zilizojulikana kwa jina la Waziri John Michuki, magari ya abiria nchini yalitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Kanuni ile ilikuwa njema. Lakini kidhibiti mwendo hakina macho. Hakijui kama kuna jua au kuna ukungu. Dereva anayesema, “Siko juu ya themanini, sivunji sheria,” katika wingu la Kinale, anaitumia sheria kama ngao ya ujinga. Mwendo halali siku ya jua waweza kuwa mwendo wa mauti siku ya ukungu. Kipimo cha kweli ni hiki: dereva aweze kusimama ndani ya umbali anaouona.

Yaliyowapata wengine yatufundishe. Tarehe 11 Desemba 1990, karibu na mji wa Calhoun katika jimbo la Tennessee, Marekani, ukungu mzito uliifunika barabara kuu. Magari 99 yaligongana na watu 12 walikufa. Baadaye wenye mamlaka waliweka pale vyombo vya kutambua ukungu na mabango ya kubadili kiwango cha mwendo. Tarehe 5 Septemba 2013, kwenye daraja la Sheppey huko Uingereza, zaidi ya magari 100 yaligongana asubuhi katika ukungu. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Nchi hizo zina barabara pana na magari mazuri. Ukungu haukuyajali hayo.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema kwamba sheria za Ulaya si za Afrika. Namjibu kwamba tone la maji ni lile lile, lami ni ile ile, na jicho la binadamu ni lile lile. Ikiwa tumekubali motokaa yao, hatuna sababu ya kuikataa busara ya kuiendesha. Wa pili atasema kwamba gari lake halina taa za ukungu. Hoja hii ina uzito, maana magari mengi yetu huletwa yakiwa yametumika kutoka Japani, na si yote yenye taa nyekundu ya ukungu nyuma. Lakini kuinamisha taa kubwa hakuna gharama. Kupangusa vioo na taa kwa kitambaa hakuna gharama. Kupunguza mwendo, kuacha nafasi, na kutolipita gari la mbele pasipoonekana, yote hayo hayauzwi dukani. Na lori likiharibika, ile pembetatu nyekundu ya kuakisi mwanga iwekwe mbali nyuma yake; tawi la mti lililotupwa hatua tano kutoka kwenye gurudumu halimwonyi mtu ila baada ya kuchelewa.

Wa tatu atasema kwamba taa ya nyuma ya ukungu isizimwe kamwe njiani, ili asigongwe. Huyu ana nusu ya ukweli. Katika ukungu mzito, ikiwa nyuma hakuna mtu, iwake. Lakini gari likisha kukaribia na kufuata nyuma yake, yule dereva amekwisha kumwona. Kuanzia hapo taa ile yamtia kiwi na kuificha breki. Adabu na usalama vyaamuru izimwe.

Wa nne ndiye mgumu kuliko wote. Huyo hatoi hoja, bali husema, “Ajali haina kinga.” Methali ni hekima ya wazee, lakini hekima ikitiwa kinywani mwa mvivu huwa udhuru. Wazee walikusudia kumfariji aliyepatwa na jambo lisilozuilika. Hawakukusudia kumpa ruhusa asiyetaka kulizuia. Wazee hao hao ndio waliotuachia neno la tahadhari kabla ya hatari. Mtu aliyekwenda kilomita 80 kwa saa katika upeo wa mita 50 hakupatwa na ajali. Aliifuata mwenyewe.

Pengine mwanafunzi atauliza: mimi sina gari wala leseni, hayo yananihusu nini? Yanakuhusu kwa njia tatu. Kwanza, wewe ni mwenda kwa miguu. Tembea upande wa kulia, uyaelekee magari yajayo, na ujitie kitu cheupe au kitambaa kiakisi mwanga juu ya sweta lako. Usidhani kwamba kwa kuwa wewe waliona gari, nalo lakuona. Pili, wewe ni abiria. Nauli uliyolipa haikununua kiti tu, ilinunua na haki ya kufika. Dereva akiikimbiza matatu katika ukungu, mwambie kwa heshima, “Mzee, tafadhali punguza mwendo, hatuoni mbele.” Kama sauti yako ni ndogo, mwombe mtu mzima aliye karibu nawe aseme, nanyi wengine mmuunge mkono. Utingo aweza kukucheka, lakini kicheko hakivunji mfupa. Tatu, baada ya miaka michache wengi wenu mtashika usukani. Desturi za barabara hurithiwa kama lugha. Kijana huendesha kama alivyoona wakubwa wakiendesha. Msipourithi upumbavu huu, utakufa wenyewe.

Kwa hiyo namalizia kwa kuirudia kanuni, ili kila mmoja aichukue kama achukuavyo jedwali la kuzidisha. Ukungu ukishuka, punguza mwendo kwanza. Inamisha taa kubwa, wala usiziinue. Usipoweza kuona mita 100, washa taa za ukungu. Taa za kupindia ziache kwa kazi yake. Simama ndani ya umbali unaouona. Na wingu likisha kupasuka, na Naivasha ikaonekana chini yako na ziwa lake, nyosha mkono uzizime taa zile, kwa kuwa ajaye mbele yako naye ana macho, na nyumbani kwake kuna wanaomngoja.